Opsioni Uliyosoma Si Kifungo cha Maisha

 Leo, kwenye redio hii ya hapa Bunia, mkoani Ituri, nataka kuzungumza na wanafunzi wanaomaliza humanités, na zaidi bado na wazazi wao, juu ya jambo linaloleta ugomvi katika nyumba nyingi kila yanapotoka matokeo ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Binti amesoma Latin-Philo. Au amesoma Pedagojia, au Sosiali, au Komersiali. Amefaulu, tena kwa asilimia nzuri. Wenzake wameshammwagia poda kichwani kama ilivyo desturi yetu, na mtaa mzima wa Mudzipela umesikia vigelegele. Siku chache baadaye anakaa mbele ya wazazi na kusema: Papa, Mama, nataka kusomea udaktari. Jibu linamfikia kabla hajamaliza kusema: "Ungesoma Biologie-Chimie. Sasa umechelewa. Nenda ukasome sheria."

Mimi nasema hajachelewa, na nitaeleza kwa nini. Nitasema pia gharama ya njia hiyo, maana anayemtia mtoto moyo huku akimficha gharama anamwandalia aibu ya mwaka wa kwanza.

Tuanze na mlango wenyewe ulivyowekwa. Mtoto wa Kongo anamaliza mwaka wa nane wa elimu ya msingi akiwa na miaka kama 14. Hapo anaingia humanités, miaka minne, na siku ya kuandikishwa anaulizwa opsioni, yaani mkondo wa masomo. Ni watoto wangapi wanaochagua wenyewe? Biologie-Chimie inahitaji mwalimu wa kemia, na mwalimu wa kemia anahitaji walau chupa chache, mizani, asidi na maji safi. Shule nyingi za vijijini kwetu hazina vitu hivyo. Zina Pedagojia, kwa sababu Pedagojia inaweza kufundishwa kwa ubao, chaki na mwalimu mwenye moyo. Basi mtoto wa kijiji chenye shule ya Pedagojia anakuwa mtu wa Pedagojia, hata kama tangu utoto alikuwa akipasua vyura kuangalia moyo uko wapi. Halafu kuna vita. Familia iliyokimbia Djugu ikaja kujihifadhi hapa mjini, kwenye kambi ya ISP au ya Kigonze, haikuuliza shule ina opsioni gani. Iliuliza kama kuna nafasi, na kama prefe, mkuu wa shule, atakubali kungoja minervali, yaani ada. Mtoto huyo leo ana diploma ya Sosiali. Kumwambia kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeukataa udaktari akiwa na miaka 14 ni kumsingizia.

Ndani ya Exetat yenyewe kuna hoja ambayo wengi hawaitilii maanani. Kabla ya kikao cha kawaida, kila mtahiniwa, wa opsioni yoyote, anaandika insha ya Kifaransa. Kisha zinakuja siku nne: siku ya maarifa ya jumla, siku ya sayansi, siku ya lugha, siku ya masomo ya opsioni. Mwanafunzi wa Latin-Philo anakaa siku ya sayansi kama wenzake wote. Mwanafunzi wa Biologie-Chimie anakaa siku ya lugha, hana pa kukimbilia. Maana yake taifa letu, kupitia mtihani wake mkubwa kuliko yote, linasema mtu aliyeelimika ana vyote viwili. Ni sisi tulio nyumbani ndio tunaowagawa watoto makundi mawili, wale wa sayansi na wale wa maneno, kisha tunawazuia wasivuke.

Majirani zetu nao wana kuta zao. Tanzania, anayeingia kidato cha tano bila fizikia, kemia na bayolojia, ule mkondo wanaouita PCB, njia yake ya kwenda udaktari imekuwa ndefu mno. Kenya wanahesabu bayolojia, kemia, hisabati au fizikia, lakini angalia wameongeza nini pembeni: Kiingereza au Kiswahili. Alama ya lugha inahesabiwa katika kumpima anayetaka kuwa daktari. Napenda jambo hilo. Mtu atakayetumia maisha yake kuuliza watu wanaumwa wapi na kuwaeleza wafanye nini, ni haki apimwe pia kama anajua kuuliza na kueleza.

Na kama kuna nchi isiyo na haki ya kudharau njia za kuzunguka, ni yetu. Kumbukeni tarehe 30 Juni 1960. Kongo ilipata uhuru ikiwa haina hata daktari mmoja Mkongomani aliyemaliza chuo kikuu. Wabelgiji walikuwa wamewafundisha watu wetu kuwa wauguzi na wasaidizi wa madaktari, wale walioitwa assistants médicaux, watu wenye ujuzi mkubwa wa mikono lakini waliozuiwa kupanda juu zaidi. Madaktari wa Kibelgiji walipoondoka kwa wingi, nchi ilifanya nini? Haikuwaambia wale wasaidizi kwamba wamechelewa. Kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani, makumi yao walipelekwa Ufaransa kukamilisha masomo, wakarudi madaktari. Wengine walikuwa watu wazima wenye watoto. Daraja lilijengwa kwa sababu wagonjwa walikuwa wanangoja. Na leo wagonjwa wanangoja vilevile.

Sasa nije kwenye Ituri, maana hapa ndipo hoja yangu ilipo. Ninaamini mkoa wetu unahitaji madaktari waliopita kwenye historia, lugha, falsafa na elimu ya jamii, tena unawahitaji kuliko mikoa iliyokaa kwa amani. Siyo kama pambo. Kwetu mambo hayo yameua watu, na mambo hayo yameokoa watu.

Nenda Nyankunde. Kituo kile cha kiinjili kilikuwa kati ya hospitali zilizotajwa sana mashariki ya Kongo. Watu walitoka mbali sana kuja kupasuliwa pale, na wauguzi walisomeshwa pale. Tarehe 5 Septemba 2002 kilishambuliwa. Watu waliuawa kwa sababu ya kabila lao, wengine wakiwa wagonjwa vitandani. Hospitali iliporwa, wafanyakazi wakakimbia kwa miguu kupitia msituni, na sehemu ya kazi ikaja kuanzishwa upya hapa Bunia. Nayasema haya bila kutaja nani alimfanyia nani nini. Wenye kujua wanajua, na redio hii haiongezi moto. Nauliza jambo moja tu. Daktari kijana akitumwa leo kwenye zoni ya afya ya Irumu, akaona mama mjamzito anapita mbele ya kituo cha jirani bila kusimama, anakwenda kilomita nyingi hadi kituo kingine, atafikiri nini? Asiyejua historia ataandika kwenye daftari lake kwamba mama huyu ni mkaidi. Anayeijua atauliza kwa upole, atajua ni hofu ya tangu mwaka 2002 au ya juzi, na atatafuta muuguzi ambaye mama huyo atamwamini. Mtoto atazaliwa salama au hatazaliwa salama kutokana na jambo ambalo halimo katika kitabu chochote cha anatomia.

Au chukua Ebola. Mlipuko ule ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ukatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Watu zaidi ya 3,400 waliugua na zaidi ya 2,200 walifariki, wengi Kivu ya Kaskazini, na wengine hapa kwetu, Mambasa na kwingineko. Kwa upande wa sayansi, haikuwahi kutokea vita ya Ebola yenye silaha nzuri kama ile. Chanjo ilikuwepo, na watu zaidi ya 300,000 walichanjwa. Dawa mbili zilijaribiwa humuhumu katika nchi yetu na kuonekana zinaokoa, mojawapo ikiwa imetokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit mwaka 1995, kazi ambayo Profesa Jean-Jacques Muyembe aliifuatilia miaka mingi. Chanjo ipo, dawa ipo, na bado ugonjwa ulichukua karibu miaka miwili. Kwa nini?

Kwa sababu watu hawakuamini. Desemba 2018 kura ya rais iliahirishwa Beni na Butembo, na Ebola ikatajwa kuwa mojawapo ya sababu. Fikiria mkulima wa Beni aliyezika ndugu zake waliouawa kwa mapanga miaka minne mfululizo bila msafara wa magari kuja, sasa anaona magari mapya yanapita kwa ugonjwa mmoja, halafu anaambiwa hatapiga kura kwa sababu ya ugonjwa huohuo. Alihitaji mtu wa kumjibu kama raia. Wengi waliotumwa walimjibu kwa picha za virusi. Tarehe 19 Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko, Mkameruni wa Shirika la Afya Duniani, alipigwa risasi akafa ndani ya kliniki ya chuo kikuu huko Butembo. Na mapema Novemba 2019, kule Lwemba, katika wilaya yetu ya Mambasa, mwandishi wa redio ya jamii Papy Mumbere Mahamba aliuawa nyumbani kwake baada ya kuendesha kipindi kuhusu Ebola. Mimi ninayezungumza nanyi kwenye kipaza sauti siwezi kulitaja jina hilo kwa haraka. Alikuwa anafanya kazi ninayoifanya mimi jioni hii: kuwaeleza watu mambo ya afya kwa lugha yao. Mungu ampumzishe.

Kuna kisa cha Guinea ninachotaka kila mwanafunzi wa udaktari akijue. Mwaka 2014, Ebola ikiwa kali katika eneo la Guéckédou, alikufa mama mjamzito. Kwa mila ya Wakissi, mama hazikwi na mtoto tumboni. Lazima watenganishwe, la sivyo kijiji kizima kinabaki na laana. Kwa upande wa tiba, kuufungua mwili ule kulikuwa kifo kwa yeyote atakayeugusa. Timu ikakwama. Familia ikakasirika. Aliyefungua fundo hilo alikuwa mwanaanthropolojia, mama Julienne Anoko wa Kameruni, aliyekaa na wazee akiuliza hadi akapata mtu anayejua ibada ya kufidia, ibada inayofanywa pale utenganisho unaposhindikana. Ibada ikafanyika, gharama zikalipwa, mama akazikwa kwa usalama na kwa heshima, na kijiji kikaendelea kushirikiana. Hakuna darubini ambayo ingeiona njia hiyo. Baadaye mama huyo huyo alikuja kufanya kazi kwetu mashariki ya Kongo katika mlipuko wa 2018.

Mtaniambia: vema, basi daktari awe daktari, na mwanaanthropolojia akae kando yake. Katika hospitali kubwa, sawa. Lakini kule Rethy ambako tauni bado hurudi, kule Tchomia na Kasenyi kando ya Ziwa Albert ambako kipindupindu kinajulikana, daktari yupo peke yake na muuguzi mkuu wa kituo na pikipiki moja. Hakuna wa kukaa kando. Ujuzi wote wawili lazima uwe katika kichwa kimoja.

Na vichwa vya namna hiyo vimekuwepo, tena karibu nasi. Paul Farmer, Mmarekani, alisoma anthropolojia ya tiba katika Chuo Kikuu cha Duke akamaliza mwaka 1982, kisha Harvard akapata udaktari wa tiba pamoja na udaktari wa falsafa katika anthropolojia mwaka 1990. Wakati wenzake wakikaa darasani yeye alikuwa anakwenda na kurudi Haiti, akitibu maskini na kuandika kwa nini maskini ndio wanaougua. Mwaka 2005 alianza kazi Rwanda, hospitali ya Butaro ikafunguliwa mwaka 2011, na hapohapo Butaro kikasimama Chuo Kikuu cha Usawa wa Afya Duniani. Wanafunzi wa udaktari wa chuo hicho wanasoma miaka sita na nusu na kutoka na shahada mbili kwa pamoja: ya tiba, na ya namna ya kuwafikishia watu huduma za afya. Farmer alifariki Butaro tarehe 21 Februari 2022. Butaro ni milimani, kaskazini ya Rwanda, karibu na mpaka wa Uganda, nchi ambayo vijana wengi wa Ituri huvuka kwenda kila mwaka kutafuta masomo.

Kenya walikuwa na Margaret Ogola, daktari wa watoto aliyeongoza kituo cha mayatima wenye virusi vya ukimwi jijini Nairobi, na ambaye riwaya yake ya mwaka 1994 ilisomwa na maelfu ya wanafunzi wa sekondari. Na sisi tuna Denis Mukwege. Mtoto wa mchungaji wa Bukavu, aliyekuwa akifuatana na baba yake kuombea wagonjwa, akajiuliza mbona baba haleti na dawa. Njia yake haikunyooka: alipomaliza Institut Bwindi mwaka 1974 alipitia miaka miwili ya uhandisi Kinshasa kabla ya kupata nafasi ya udaktari Bujumbura mwaka 1976. Kweli, yeye alitoka na diploma ya sayansi, simweki katika kundi la Latin-Philo. Ninamtaja kwa ajili ya kile alichokijenga katika hospitali ya Panzi, huko Bukavu. Wanawake waliobakwa wanapokelewa kwa nguzo nne: tiba ya mwili, tiba ya nafsi, msaada wa kujitegemea, na msaada wa sheria. Mpasuaji bingwa aligundua kwamba kisu peke yake hakimrudishii mwanamke maisha yake.

Basi, kijana wangu wa Latin-Philo, nimekusifu vya kutosha. Sasa nisikilize vizuri, maana mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Mtoto wa kilo 12 analetwa usiku na malaria kali, anatetemeka, hajitambui. Dawa ni artesunate ya sindano. Mwongozo unasema mtoto aliye chini ya kilo 20 apewe miligramu 3 kwa kila kilo. Aliyefika kilo 20 na kuendelea, miligramu 2.4. Kwa hiyo huyu anahitaji miligramu 36. Dawa ni unga, inayeyushwa kwanza, inaongezewa maji maalumu, na kiasi cha kuvuta kwenye sindano kinategemea umeichanganyaje. Unafanya hesabu hiyo saa nane ya usiku kwa mwanga wa tochi, mama analia pembeni. Falsafa yako haitakusaidia hapo. Historia ya Ituri haitakusaidia. Ukikosea nukta, umemnyima mtoto dawa au umemzidishia. Hii ndiyo sababu vyuo vinadai kemia, fizikia na hisabati, na ninaunga mkono madai hayo. Anayekwambia kwamba moyo wa huruma unatosha kukufanya daktari anakudanganya.

Mwaka wa kwanza wa udaktari unakutana na kemia ya jumla, fizikia, bayolojia ya seli, hisabati na takwimu, kisha anatomia, histolojia, fiziolojia na biokemia zinafuata zikiwa zimebebana. Waliotoka Biologie-Chimie wanayakuta mambo wanayoyafahamu nusu. Wewe unayakuta mapya, na profesa hakungoji. Kwa hiyo kazi yako lazima ianze kabla ya kuandikishwa. Tafuta vitabu vya kemia vya mwaka wa kwanza hadi wa nne wa humanités, siyo silabusi ya chuo. Ukirukia silabusi ya chuo utakariri bila kuelewa, na anayekariri kemia huanguka swali likigeuzwa. Jua mole ni nini hadi uweze kumfundisha mdogo wako. Jua asidi na besi, na logarithimu zinazohesabu pH. Jua oksidisho na upunguzaji. Jua kemia ya kaboni, maana mwili wako ni huo. Kwa fizikia, shinikizo la maji na hewa, umeme, mwanga. Fanya mazoezi kwa kalamu, kila siku, na mtu wa kukusahihisha. Mwalimu wa kemia wa shule ya jirani anaweza kukufundisha jioni kwa fedha kidogo au kwa kumsaidia shambani Jumamosi. Nimeona mapatano ya namna hiyo yakifanya kazi hapa mjini.

Njia ni zaidi ya moja. Unaweza kurudi kwenye Exetat katika opsioni ya sayansi kama mtahiniwa anayejisomea mwenyewe, wale tunaowaita autodidactes. Kuna mtihani wa awali, na kuna karatasi za kufuata kwa subira. Unaweza kujaribu mtihani wa kuingia katika vitivo vinavyopokea watu wa opsioni mbalimbali. Vitivo vya udaktari viko Kisangani, Butembo, Goma na Bukavu, na kila kimoja kina masharti yake. Unaweza kuanza na uuguzi, ukaijua hospitali kwa mikono yako, kisha ukapanda. Usiione hiyo ya mwisho kuwa ya walioshindwa. Kumbuka wale wa mwaka 1960.

Nyinyi mlio na watoto wanaoishi kwa ndugu zenu walioko Marekani, ambao ni wengi sasa tangu familia zetu zipelekwe huko kutoka kambi za wakimbizi, wapigieni simu mkawaeleze jambo hili. Kule udaktari hauanzi baada ya sekondari. Kijana anasoma kwanza koleji miaka minne, na anaweza kusoma historia, muziki au lugha kama somo lake kuu, mradi pembeni amalize bayolojia, kemia ya jumla, kemia ya kaboni na fizikia, pamoja na kazi za maabara. Kisha anafanya mtihani uitwao MCAT. Tangu mwaka 2015 mtihani huo una sehemu nne: moja ni ya kusoma kwa makini maandishi ya falsafa, sanaa na jamii, na nyingine ni ya saikolojia na elimu ya jamii. Harold Varmus alisoma fasihi ya Kiingereza hadi shahada ya pili kabla ya kuingia udaktari. Mwaka 1989 alipata Tuzo ya Nobel kwa utafiti wa chanzo cha saratani. Mtoto wa Kikongomani aliyeko Texas asiache anachokipenda kwa kudhani kinamfungia mlango. Lakini asiache kemia hata muhula mmoja, maana kurudi nyuma kuifuata kunagharimu miaka na mikopo.

Nina neno kwa wakuu wa vitivo vyetu vya udaktari, na ninalisema kwa heshima. Fungueni mwaka wa maandalizi wa kweli, wenye maabara, wenye mtihani mgumu wa kuingia na mgumu zaidi wa kutoka, na mpokee humo wenye diploma ya opsioni yoyote. Msishushe kipimo hata kwa nukta moja. Mgonjwa hajui ulitoka opsioni gani, anajua tu kama amepona. Lakini msimpime mtu kwa shule iliyokuwa karibu na kijiji chao alipokuwa na miaka 14. Na hao wa Biologie-Chimie mnaowapokea kwa urahisi, wafundisheni historia ya mkoa watakaotumwa, na msiwape staji kabla hawajaweza kumweleza mama wa Mahagi, kwa Kiswahili anachokielewa, kwa nini mtoto wake anaongezewa damu.

Kwako mzazi: mtoto akikuambia anataka udaktari, usimjibu kwa jina la opsioni. Muulize amefungua kitabu gani cha kemia wiki hii. Jibu lake litakuonyesha kama ni ndoto au ni nia.

Na kwako mwanafunzi. Uandikishaji unapofunguliwa, usitume mtu. Panda mwenyewe hadi apparitorat, yaani ofisi ya uandikishaji, ya chuo unachokitaka, au piga simu kama barabara haipitiki, na beba diploma yako pamoja na bulletins za miaka yote. Uliza mambo matatu: opsioni zipi zinakubaliwa, mtihani wa kuingia una masomo gani, na ada ya mwaka wa kwanza ni kiasi gani pamoja na maabara na silabusi. Andika majibu kwenye karatasi, uwaonyeshe wazazi wako, na jioni hiyohiyo anza sura ya kwanza ya kemia.